Anza na Miko: Kumtunga Kuhani Wako Mwenyewe Mezani

(Hotuba iliyotolewa Upanga, Dar es Salaam, mbele ya wachezaji na wasimulizi wa michezo ya kuigiza ya mezani)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, asanteni kwa kuja. Najua wapo waliovuka na kivuko kutoka Kigamboni asubuhi hii, na wapo waliosimama ndani ya Mwendokasi tangu Kimara, kwa hiyo salamu zangu zitakuwa fupi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutunga fani mpya za makuhani katika michezo yetu. Nina jambo moja la kusema, na nitalizungukia pande zote. Ukitaka kumtunga kuhani, miujiza yake iache mwisho. Tangulia na miko yake: ni nini haruhusiwi kukifanya, na ni nani watakaoumia akikifanya. Ukishayajua hayo mawili, miujiza itajileta yenyewe, na kila mmoja utakuwa na sababu ya kuwepo.

Kwa mgeni aliyeletwa na rafiki na bado anashangaa dadu zenye pande 20, nieleze haraka. Watu wachache wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anaendesha ulimwengu wa hadithi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na mhusika ana fani: mpiganaji, mwizi, mtu wa uchawi, kuhani. Fani ndiyo inayosema anaweza nini na anaongezeka vipi ngazi kwa ngazi. Unasema mhusika wako anafanya nini, dadu inasema kama imewezekana. Basi. Mengine utayaona mchana huu.

Sasa turudi kwa kuhani. Fani hii ina historia ya ajabu, na bila historia hiyo hatuwezi kuelewa kwa nini makuhani wengi mezani wanafanana.

Mchezo uliotangulia yote, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Ulikuwa na fani tatu tu, na kuhani alikuwa mmojawapo. Chimbuko lake ni meza ya Arneson kule Minnesota, kwenye kampeni yake ya Blackmoor (kampeni ni hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi). Mchezaji mmoja pale alikuwa na mhusika mnyonya damu, Sir Fang, aliyepata nguvu hadi wenzake wakashindwa kumkabili. Ikatungwa fani ya kupambana naye: mwindaji wa wafu watembeao, mwenye alama takatifu mkononi, mfano wa wawindaji wa kwenye filamu za kutisha za Kiingereza za miaka ile. Katika kanuni zilizochapishwa, kuhani wa ngazi ya kwanza hakuwa na muujiza hata mmoja. Alikuwa na deraya yake, rungu lake na uwezo wa kuwafukuza wafu.

Angalieni kilichokosekana hapo. Mungu. Vijitabu vya 1974 havikuorodhesha miungu ya kuabudiwa. Orodha ilikuja mwaka 1976 katika kijitabu cha nyongeza. Kuhani alichongwa kwa kumtazama adui yake, mungu akatafutwa baadaye. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukaa kwenye meza, ukamwona kuhani wa bahari na kuhani wa vita wanafanya kazi moja: kufunga majeraha ya wenzao na kuwasukuma mifupa ukutani. Wanatofautiana rangi ya kanzu.

Mwiko mmoja ulikuwepo tangu mwanzo: kuhani asitumie silaha yenye makali. Rungu ruksa, upanga marufuku. Lakini ni mwiko usio na mwenyewe. Nani aliukataza upanga? Akiuvunja, nani anakasirika? Kanuni haikusema, kwa hiyo mchezaji akaupokea kama jedwali la silaha, akaangalia rungu linaumiza kiasi gani, akaendelea na safari. Mwiko ambao haumgusi mtu yeyote ndani ya hadithi haumbadilishi mhusika.

Toleo la pili la mchezo huo, la mwaka 1989, ndilo lililofungua mlango kwa watungaji kama sisi. Lilichukua miujiza yote ya makuhani, yenye ngazi zake saba tofauti na ngazi za mhusika, likaigawa katika nyanja 16: uponyaji, ulinzi, vita, jua, hali ya hewa, mimea, wanyama, uaguzi, mauti na nyinginezo. Kuhani wa mungu fulani akapewa baadhi ya nyanja kikamilifu na nyingine kwa uchache, maana yake hadi ngazi ya tatu tu. Msimulizi akaambiwa: wewe mwenyewe tunga makuhani wa ulimwengu wako, jaza mambo matano, yaani masharti ya kujiunga, silaha, nyanja, uwezo wa pekee na maadili.

Mimi naipenda sana kazi ile. Nyanja bado ni kifaa bora kuliko vingi vilivyofuata, kwa sababu zinakulazimisha kuamua mungu huyu hana mamlaka juu ya nini. Ila tazameni mpangilio: maadili yamewekwa ya mwisho. Na mtu anayejaza fomu huwa anachoka akifika chini. Nimesoma makuhani wengi wa kutungwa na mashabiki, kurasa mbili za nyanja na silaha, kisha kwenye maadili mstari mmoja: "Wanapenda amani."

Mwaka 1990 Aaron Allston aliandika kitabu kizima cha kuwasaidia wasimulizi kwa fani hii, na ndani yake kuna mambo mazuri sana kuhusu uongozi wa hekalu na uhusiano wa dini na dini. Makuhani aliowaweka kama mifano, hata hivyo, wengi wana nyanja chache kuliko kuhani wa kawaida wa kitabu kikuu, ambaye alikuwa na karibu kila kitu isipokuwa mimea, wanyama na hali ya hewa, na elementi kwa uchache. Mchezaji akilinganisha karatasi mbili, anamchukua wa kawaida. Hapo kuna somo la kitaalamu: ukimnyima kuhani wako nyanja, lazima kile unachompa badala yake kiwe na uzito wa kutosha kumfanya mchezaji aache kuhesabu. Uzito huo, nionavyo mimi, hautoki kwenye muujiza mwingine. Unatoka kwenye nafasi yake katika jamii.

Walioliona hili mapema ni watu wa RuneQuest, mchezo mwingine wa mezani, mwaka 1978, kwenye ulimwengu wa Glorantha wa Greg Stafford. Kule kuabudu si fani ya mtu mmoja mezani. Karibu kila mhusika ana dini yake, na dini ina daraja: muumini wa kawaida, aliyeingizwa, kuhani. Aliyeingizwa anatoa sehemu ya kumi ya mapato yake, na muda wake pia. Wafuasi wa Chalana Arroy, mungu wa kike wa uponyaji, wameapa kutodhuru kiumbe hai. Wafuasi wa Humakt, mungu wa mauti na upanga, wanaweza kupokea zawadi kutoka kwake, na kila zawadi inakuja na mwiko wake. Unataka upanga wako uumize zaidi? Sawa, lakini kuanzia leo kuna kitu huruhusiwi kukifanya, hadi kufa kwako. Na ukifa, mfuasi wa Humakt hafufuliwi. Mungu wake ndiye mauti, atamkataliaje?

Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi mzuri. Mchezaji wa Humakt hahitaji kurasa kumi za historia ya hekalu. Anaujua mwiko wake, anaujua kila siku anapokula, anapolala, anapoongea na mgeni. Dini imeingia kwenye mikono yake.

Na sisi hapa tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko yeyote. Nani kati yetu hakukulia kwenye nyumba yenye miko? Katika nchi yetu zipo kumbukumbu za makuhani zinazofundisha zaidi ya kitabu chochote cha kanuni. Chukueni Kolelo, kule milima ya Uluguru. Wazaramo, wenyeji wa eneo hili tulilokaa, walikuwa wakipeleka watu hadi huko kuomba mvua. Fikirini kama watunzi: mungu yuko pangoni, mbali, safari ya siku nyingi kwa miguu. Anayemwendea hapeleki shida yake peke yake, ametumwa na kijiji. Amebeba vitu vya watu. Akirudi, kijiji kizima kinatazama mawingu. Kuna hadithi ya kampeni nzima pale, na bado hatujataja muujiza wowote.

Au mtazameni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mwaka 1904 watu wakasema ameshikwa na Hongo, roho wa maji. Wakaanza kumiminika kwake kutoka mbali, makabila mbalimbali, wakapokea maji, wakapokea na masharti ya kuyafuata. Yeye alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita ya Majimaji ikaendelea hadi 1907. Naomba hapa niseme kwa uzito: msiyafanye yale maji kuwa dua ya ngazi ya tatu yenye kinga dhidi ya risasi. Watu wengi mno walikufa, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata, na wajukuu zao tunakaa nao. Tunachoweza kujifunza ni umbo la jambo: kwamba nguvu ya kuhani ilikuwa watu waliotembea kumfuata, na kwamba walichokipokea kilikuja na masharti. Umbo hilo chukueni. Majina na majeraha waachieni wenyewe.

Jambo hilo linanipeleka kwenye lingine, la imani zilizo hai. Mwaka 1980 kilitoka kitabu cha miungu cha mchezo ule wa Gygax na Arneson, na ndani yake Vishnu na Lakshmi wamepewa pointi za uhai, kama jini au joka linaloweza kupigwa hadi pointi ziishe. Kutoka hapa tulipo hadi mahekalu ya Kisutu ni mwendo mfupi, na Lakshmi anaabudiwa humo. Siwezi kumweka jirani yangu mezani nikamwambia mungu wako ana pointi mia kadhaa. Kanuni yangu ni kwamba mungu yeyote anayeabudiwa na mtu anayeweza kuketi kwenye meza yangu hapewi kuhani wa mchezo. Meza ya Dar ina Muislamu, ina Mkristo wa Kiroho, ina Mkatoliki, ina Mhindu, na mara nyingi wawili wa kwanza ni ndugu wa baba mmoja. Tunga mungu mpya. Si kazi ngumu, na utakuwa huru zaidi.

Na wazazi wakiuliza, wajibuni kwa heshima. Hofu kwamba mchezo huu ni ushetani si ya kwetu peke yetu. Marekani ilivuma sana miaka ya 1980, hadi toleo la 1989 likaondoa majina ya mashetani na kuyabadilisha. Mwalike mama akae kikao kimoja. Mwonyeshe kwamba mungu wa mezani ametungwa, anajulikana na wote kuwa ametungwa, na hakuna anayemwomba. Mtoto wa miaka kumi na tano anayecheza mhusika mwenye miko na akaitunza hadi mwisho wa kampeni anafanya jambo ambalo mzazi yeyote wa Temeke atalitambua.

Sasa tufanye kazi. Nitamtunga kuhani mmoja mbele yenu, kwa kanuni za toleo la tano la 2014, kwa kuwa wengi hapa ndizo mnazotumia, na sehemu ya kanuni hizo iliachiwa huru mwaka 2023 kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuchapisha kazi yake.

Mungu wangu namwita Mwenye Kivuko. Ulimwengu wa kampeni una mji wa bandari, una mlango mwembamba wa maji unaougawa mji sehemu mbili, na hakuna daraja. Kila kitu kinavuka kwa chombo: wachuuzi, wagonjwa, maiti, bwana harusi na wazee wake. Kuhani wa Mwenye Kivuko ana dau dogo na pondo ndefu, na pondo ndiyo silaha yake pia.

Swali la kwanza: nani anakuja kwake? Wavuvi kabla kusi haijaanza kuvuma. Mama anayempeleka mtoto ng'ambo kwa tabibu usiku. Mtu anayekimbia. Wanaleta nini? Ubani, konzi ya mchele, sarafu inayotupwa majini katikati ya safari. Masikini anatoa wimbo. Nimependa hilo la wimbo na nimeliacha, kwa sababu mchezaji ataulizwa kila mara: leo umeimbiwa nini?

Swali la pili: miko. Nampa mitatu. Wa kwanza, hamnyimi mtu yeyote kivuko akiombwa kwa mdomo, hata adui. Wa pili, havai chuma mwilini akiwa juu ya maji. Wa tatu, hamwambii yeyote alimvusha nani.

Oneni namna mwiko wa tatu unavyofanya kazi. Kikundi cha wachezaji kinamtafuta muuaji. Muuaji alivuka jana usiku, na aliyemvusha ni kuhani wa kikundi hicho hicho, yeye mwenyewe, hakujua wakati ule. Sasa anajua. Msimulizi hahitaji joka. Wenzake wanamwuliza, "Ndugu yetu, wewe ndiye uliyekuwa zamu jana. Ulimvusha nani?" Na yeye anatakiwa kuamua, mbele ya watu anaowapenda, huku kamanda wa mji anabisha mlangoni. Nimeona meza ikinyamaza kabisa kwa swali kama hilo. Hakuna muujiza wa ngazi ya tisa unaoweza kuleta ukimya ule.

Mwiko wa pili ni mdogo, wa kila siku. Unaathiri kanuni moja kwa moja: kinga ya deraya inashuka kila kikundi kinapopanda chombo, na maadui wenye akili watajua hivyo. Wa kwanza upo katikati. Ninapotunga, napenda miko iwe na mwendo tofauti: mmoja uonekane karibu kila kikao, mmoja mara kwa mara, na mmoja uwe mzito kiasi kwamba labda utajaribiwa kweli mara moja katika kampeni nzima. Ikiwa yote mitatu ni mizito, mchezaji anachoka. Ikiwa yote ni midogo, anaisahau.

Na kuna sharti jingine ambalo kwangu ni la lazima. Mwiko ufunge mikono ya kuhani, usifunge ya wenzake. Ukiandika "haruhusu wizi mbele yake", umemfanya polisi wa kikundi, na yule mwenye mhusika mwizi atakuja kwako baada ya kikao na atakuwa na haki. Andika "hali chakula kilichonunuliwa kwa mali ya wizi". Sasa mwizi aibe atakavyo, ila jioni kuna mtu mmoja hali pamoja nao, na sababu inajulikana na wote. Hapo mazungumzo yanaanza bila mtu kumzuia mtu.

Ndipo tunafika kwenye miujiza. Katika toleo hilo himaya ya kuhani, yaani eneo la mamlaka ya mungu wake, inampa uwezo wa pekee kwenye ngazi ya 1, 2, 6, 8 na 17, na dua kumi za ziada, yaani miujiza ya kuandaa, mbili kwa kila ngazi ya dua hadi ya tano. Nafasi zimepangwa tayari, kazi yako ni kuzijaza. Jiulize kwa kila nafasi: mwiko gani umezaa hiki?

Kwa kuwa hamnyimi mtu kivuko, ngazi ya 1 nampa uwezo wa kumkinga aliyemwomba njia: shambulio la kwanza dhidi ya mtu huyo linapigwa kwa shida. Ngazi ya 2 anafungua njia ya futi 30 katikati ya kitu chochote kinachozuia watu bila kuwa ukuta: maji, moshi, umati wa sokoni. Kwa kuwa anatunza siri, ngazi ya 6 siri zake zinamtunza: hakuna uchawi unaoweza kusoma mawazo yake au kumlazimisha kusema kweli, na anaweza kumfunika mwenzake mmoja kwa kinga hiyo. Ngazi ya 8 siigusi; pale kanuni zinampa kuhani nyongeza ya madhara, ama kwenye silaha ama kwenye dua ndogo, na ndiyo inayomweka sawa na wenzake vitani. Mtunzi anayeibadilisha ile bila hesabu anaharibu. Ngazi ya 17, mara moja, anaweza kwenda na dau lake kumfuata aliyekufa punde na kumwomba arudi. Aliyekufa akikataa, mwiko unamlazimu kuhani amvushe.

Dua kumi zinafuata: ukungu, kinga ya asiyeshambulia, kutembea juu ya maji, kupumua majini, kutawala maji, uhuru wa mwendo, na nyingine za namna hiyo. Sikumpa moto wala radi. Nilishawishika, kwa sababu radi baharini inapendeza, lakini Mwenye Kivuko si mungu wa dhoruba. Ni mungu wa kufika salama. Ukimpa dhoruba, mchezaji ataitumia dhoruba kila siku na atasahau dau.

Niseme kidogo kuhusu uponyaji, maana hapa ndipo watunzi wengi wanapokwama. Katika toleo la tano kuhani yeyote anaweza kuandaa dua za kuponya, kwa hiyo himaya yako haina haja ya kuzigusa. Lakini wanaocheza toleo la pili wawe makini. Ukimpa kuhani nyanja ya uponyaji kwa uchache, hadi ngazi ya tatu, dua ya kufunga majeraha anayobaki nayo ni ile ndogo ya ngazi ya kwanza, dadu moja ya pande 8. Inayofuata iko ngazi ya nne. Na kuponya maradhi kumewekwa chini ya nyanja ya mauti, si ya uponyaji! Nimeona makuhani wa tiba waliotungwa kwa upendo mwingi ambao, kwa kanuni, hawawezi kumtibu mtu mwenye homa. Someni orodha zote kabla ya kugawa.

Zaidi ya hapo, uponyaji usiwe mzigo wa mtu mmoja. Toleo la mwaka 2000 liliona tatizo, likamruhusu kuhani mwema kuigeuza karibu dua yoyote aliyoiandaa kuwa ya kuponya, ili asilazimike kuandaa uponyaji mtupu kila asubuhi. Ilisaidia, ingawa ilibakiza wazo kwamba kuhani ni sanduku la dawa la kikundi. Ukimtunga kuhani asiyeponya, mwambie msimulizi mapema aweke waganga mjini, dawa za kununua, na siku za kupumzika. Ulimwengu uzoee kutibu watu wake.

La mwisho ni kuvunja mwiko. Lazima iwezekane, la sivyo si mwiko. Na lazima mchezaji ajue bei kabla hajavunja, kwa maneno, kwenye karatasi yake, siku anayoanza. Kwa Mwenye Kivuko nimeandika hivi: ukivunja wa pili, huna uwezo wa ngazi ya 2 hadi uoge maji ya chumvi alfajiri. Ukivunja wa kwanza, unapoteza dua za himaya hadi umtafute yule uliyemnyima na umvushe bure. Ukivunja wa tatu, hupotezi muujiza wowote. Watu wanaacha kupanda dau lako. Ubani hauletwi, nyimbo hazisikiki, na mama mwenye mtoto mgonjwa anakupita anamwita kuhani mwingine. Kurudisha hilo ni kazi ya vikao vingi, na hakuna dua inayofupisha.

Msimulizi naye asiwe mwindaji. Asimtengee mchezaji mtego ambao kila njia inavunja mwiko, kisha amwadhibu. Shida iwe ngumu, lakini iwe na njia ya kupita kwa mwenye subira na wenzake. Kama unataka kumjaribu kuhani wako kabla ya kumleta kwenye kampeni, cheza naye kikao kimoja kisicho na vita kabisa: siku moja ya kawaida, kutoka alfajiri hadi watu walale. Saa mbili zikipita na mchezaji hana la kufanya, rudi kwenye miko. Akiwa na mambo mengi kuliko muda, ongeza ngazi na endelea.

Karatasi za Mwenye Kivuko ziko meza ya dirishani, pamoja na nafasi tupu ya miko mitatu kwa atakayetaka kumtunga wake. Kalamu zipo. Nitakaa pale hadi saa kumi, na dada aliyeinua mkono tangu nilipotaja nyanja ya mauti, tafadhali tuanze na swali lako.